Mikono miwili: michezo ya watoto wadogo na mafundisho ya adabu kwetu Wanande

Wanaoandika juu ya desturi zetu hupenda kuanzia kwenye kyaghanda. Ni haki yao. Kyaghanda ni mahali wazee walipoketi kuzunguka moto, palipokatwa maneno ya mashamba na ya ndoa, na kijana alijifunza pale kunyamaza mbele ya mkubwa na kusema zamu yake ilipofika. Lakini mtoto hakufika kyaghanda akiwa mtupu. Alipoanza kuketi pale pembeni ya baba yake, alikuwa tayari anajua kusalimia, kungoja, kugawa, kuficha hasira na kuona haya. Nani alimfundisha hayo yote, na wapi?

Jibu ni rahisi: jikoni, na mwalimu alikuwa mukaka, yaani nyanya yake, pamoja na yaya yake, ndugu aliyemtangulia kuzaliwa. Sisi wanaume tunaoandika vitabu hatukukaa jikoni sana, na nadhani ndiyo sababu sehemu hii ya historia yetu ina kurasa chache. Tumeandika sana juu ya mtoto aliyekwisha kukua, na juu ya mwenye miaka miwili au mitatu tumeandika karibu na bure.

Mwenye kutoka mbali ajue kwanza hali ya inchi. Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini iko juu, kupita metre 1,700, na asubuhi huku kwetu Rughenda ukungu unafunika kiwanja cha ndege mpaka huoni ng’ambo. Ni baridi. Kwa hiyo mtoto mdogo wa Kinande anaanza siku yake karibu na moto, kati ya mawe matatu ya jiko na miguu ya mukaka. Pale ndipo shule yake.

Mchezo wa kwanza ni wa kuomba. Mtoto ameshika kipande cha kiazi kitamu. Mukaka ananyosha mkono: «Nipe nionje!» Mtoto akitoa, mukaka anajifanya kuuma, anatikisa kichwa kwa utamu, anapiga kelele ya furaha, halafu anarudisha kiazi chote kizima. Mtoto akikataa, mukaka hamchapi wala hamnyang’anyi. Anafunika uso kwa kitenge na kulia kilio cha uongo. Anachungulia kidogo, analia tena. Mara nyingi mtoto anakaribia, anavuta kile kitenge aone kuna nini chini yake, na mwisho anatoa kiazi. Pengine hatoi, na mchezo unaendelea kesho.

Tazama sasa ni mambo mangapi yamefundishwa bila neno hata moja la kuhubiri. Mtoto ameona uso wa furaha na uso wa huzuni, na ameona kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta huu au ule. Amejua kwamba kutoa hakumalizi kitu. Halafu, akifika karibu miaka mitatu, mukaka anabadilisha sheria pole pole: siku moja anauma kweli. Kidogo tu. Mtoto anashangaa, anaangalia ile alama ya meno. Kuanzia siku ile kutoa ni kutoa kweli, na uchungu wake mdogo ni sehemu ya mafundisho. Mchezo huu si wa Wanande peke yao, unaonekana karibu kila mahali katika Afrika. Lakini kwa watu ambao watoto wao wote wanakula bugali kwenye sahani moja, mkono mmoja kando ya mwingine, una kazi ya pekee. Kwenye sahani ile asiyejua kungoja anajulikana mara moja.

Mchezo wa pili ni wa salamu. Hapa mafundisho yanaanza kabla mtoto hajajua kusema. Mama amembeba mgongoni, mgeni anakuja, na mama anavuta mkono wa kuume wa mtoto, anaweka ule wa kushoto chini ya kiwiko chake, na kumwambia: «Salimia baba! Mikono mbili!» Mgeni mwenye akili anaingia katika mchezo. Anajifanya kwamba ule mkono mdogo ni mzito sana, unamwangusha, anauliza ni mwanaume gani huyu mwenye nguvu hivi. Mtoto anacheka, na anataka tena. Maneno yanakuja nyuma: Wavukire asubuhi, ndiyo kumwuliza mtu kama ameamka, Wasibire mchana, kama ameshinda vizuri, na Jambo kwa mtu wa soko asiyejua Kinande. Mwili unajifunza kwanza, mdomo unafuata, na maana yake mtoto anaipata mwisho kabisa, pengine baada ya miaka mingi. Kupokea kitu ni vilevile. Anayepokea kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, anarudishwa: kile kitu kinavutwa nyuma kidogo, kwa kicheko, mpaka mikono miwili itokee.

Mchezo wa tatu ni utani wa mukaka na mjukuu, na huu wageni wengi hawakuuelewa. Mukaka anamwita mjukuu wa kiume «bwana yangu» na wa kike «mke mwenzangu». Anamlaumu bwana wake wa miaka mitatu kwamba hajamletea chumvi nyumbani. Anagombana na mke mwenzake juu ya babu: «Umempikia nini leo? Unataka kuninyang’anya?» Watu wazima wanacheka, mtoto anakasirika, anakuja kulia, halafu siku moja anajibu. Siku anapojibu kwa maneno ya kuchekesha, bila kulia na bila kupiga, nyumba yote inashangilia. Amejifunza kwamba wivu na hasira vinaweza kutoka kwa njia ya mdomo. Kwa baba yake hathubutu maneno kama hayo, na hilo pia ni somo: kuna mtu wa kutaniwa na kuna mtu wa kuogopwa, na mtoto wa miaka minne anawatofautisha bila kosa.

Somo la wivu lilihitajika sana wakati mtoto mwingine alipozaliwa. Yule mkubwa anashushwa mgongoni, anaachishwa ziwa, na mara nyingi analala sasa kwa mukaka. Ni huzuni ya kwanza kubwa ya maisha yake. Majina yetu yanamsaidia hapa kuliko tunavyofikiri. Kila mtu anajua kwamba kwetu jina linafuata namna watoto walivyofuatana: kwa wanaume Paluku, Mumbere au Nzanzu wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Wasichana wana orodha yao, akina Masika, Katungu, Kavira na wengine, na anayekuja kubadilisha mstari, msichana baada ya wavulana au mvulana baada ya wasichana, anaitwa Kahindo au Muhindo. Ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, ng’ambo ya Semliki, wanafanya vilevile: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Kwa hiyo Kambale mdogo anapoona Kasereka amechukua mgongo wa mama, haambiwi kwamba nafasi yake imeibwa. Nafasi yake iko ndani ya jina lake, na hakuna mtu atakayezaliwa ili kuichukua. Katika nyumba niliyokulia, mahindi ya kuchoma yaligawiwa kwa kuita majina kwa kufuatana, na aliyeitika kabla ya zamu yake alirudishwa nyuma ya mstari huku akichekwa. Tulidhani ni mchezo tu.

Kulikuwa pia michezo ambayo watoto waliifanya wao wenyewe, bila mkubwa. Msichana mdogo alifunga kipande cha mgomba mgongoni kwa kitambaa, akambembeleza «mtoto» wake, akamchapa, akamwomba radhi. Alijitengenezea ukanda wa kuvuta na kipaji cha uso, sawa na ule mama yake anaobebea kikapu, na kubeba vijiti vitatu vya kuni. Kijana alijengea chukudu yake ndogo ya miti na kushusha nayo mlima akiwa amepakia udongo. Mkubwa aliyekaa pembeni na kusikiliza alisikia tabia zake mwenyewe zikirudi kwa sauti ndogo, na sikuzote haikupendeza.

Nisipake kila kitu rangi nzuri. Pembeni ya mchezo kulikuwa hofu. Mtoto aliyelia usiku alitishwa: utachukuliwa na mnyama, utachukuliwa na wafu, na baada ya wakoloni kufika, utachukuliwa na Mzungu. Fimbo nayo ilikuwako, wala haikufichwa. Wazee wengine wanasema kwamba hofu ndiyo iliyotengeneza watu wenye adabu zamani. Mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyetishwa ananyamaza, lakini hajifunzi kutuliza moyo wake. Anajifunza tu kwamba mkubwa anaweza kusema uongo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imekwisha kukataza ukali juu ya watoto katika Congo nzima, na mukaka mzuri hakungoja sheria hiyo ili aache fimbo.

Shule hii ya jikoni ilibadilika namna gani? Kwanza, haikuguswa sana. Misheni ya Beni ilianza mwaka 1906, na mapadri wa Assomption walifika mwaka 1929. Wao na Waprotestanti walitafuta watoto wenye umri wa kushika katekisimu na alfabeti. Wadogo waliachwa pale pale walipokuwa. Kitu kilichotikisa jiko ni kazi na kuhama. Wabelgiji walihamisha watu kutoka bonde la Semliki kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na kuanzia mwaka 1928 kampuni ya madini ya MGL ilijikalisha Butembo, ambapo pakawa soko, halafu mji. Mjini baba anauza duka, mama anauza mezani sokoni, na mukaka amebaki kijijini. Mtoto akabaki na yaya wake. Kisha yaya akaenda shule, na ni vizuri sana kwamba alienda, kwa maana wasichana wengi wa wakati wa nyuma walinyimwa masomo ili walee wadogo zao. Lakini mgongo uliombeba mdogo ukatoka nyumbani asubuhi na kurudi saa nane.

Hapo ndipo ilipoingia shule ya maternele, ile ambayo watu wazima bado wanaiita gardiene, kwa jina lililotoka Ubelgiji. Mzizi wake ni wa mbali zaidi: Mjerumani Friedrich Froebel alianza kazi hiyo mwaka 1837, akifundisha watoto kwa mipira na vipande vya miti, na Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Hao wote wawili walisema jambo ambalo mukaka angelikubali bila kusoma vitabu vyao, kwamba mtoto mdogo anajifunza kwa mikono. Sheria ya masomo ya mwaka 1986 na ile ya tarehe 11 Februari 2014 zimeipa maternele nafasi katika mpango wa masomo, miaka mitatu kabla ya shule ya msingi. Lakini masomo ya bure yaliyotangazwa mwaka 2019 yalilenga shule ya msingi ya serikali. Kwa maternele mzazi anaendelea kulipa.

Mimi si adui wa maternele. Lugha ndiyo inayonisumbua. Mtoto anatoka nyumbani na Kinande, anapita barabarani na Kiswahili, anafika darasani na kuimbishwa Kifaransa. Anajua kusema «bonjour maîtresse» huku mikono iko mfukoni. Anaitaja rangi nyekundu, lakini hasira yake bado ni ya Kinande, na mwalimu hana neno lake. Mwalimu mwenye akili anazichanganya zote tatu, na ninawajua wengi wanaofanya hivyo kimya kimya. Wastahili sifa.

Halafu ukaja mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti serikali ilitangaza Ebola katika upande wa Mangina, karibu na Beni, na ugonjwa ukafika Butembo na Katwa. Ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Mengi yameandikwa juu ya siku zile: mashaka ya watu, vituo vya Katwa na Butembo vilivyoshambuliwa Februari 2019, daktari Richard Mouzoko aliyeuawa Butembo tarehe 19 Aprili mwaka ule. Jambo moja dogo halikuandikwa sana. Kwa miaka karibu miwili tulilazimika kuwafundisha watoto wetu kinyume cha adabu yao.

Mkono ulikatazwa. Kwenye kila mlango palikuwa ndoo ya maji yenye dawa, na watu wakasalimiana kwa kiwiko, kwa mguu, au kwa kupunga tu. Mkubwa anaelewa sababu. Lakini mtoto wa miaka miwili, ambaye juzi alishangiliwa kwa kutoa mikono miwili, leo anaitoa na mama anamvuta nyuma kwa hofu. Mgeni naye anarudi hatua moja. Ule uso mtoto aliozoea kuusoma unasema sasa kitu kingine: wewe ni hatari kwangu, au mimi ni hatari kwako. Hakuna mchezo wa zamani uliotayarishwa kwa jambo kama hilo. Nyumba nyingine zilibuni mpya, za kugonganisha viwiko na kuhesabu vidole wakati wa kunawa. Nyingine ziliwafungia watoto ndani tu.

Katika vituo vya matibabu ilikuwa vigumu zaidi. Waganga walivaa mavazi yaliyofunika mwili mzima, miwani na barakoa, na mtoto hakuweza kuona kama aliye mbele yake anacheka au amekasirika. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki za kuonyesha, wagonjwa na jamaa zao wakaweza kuonana uso kwa uso, hata kama hawakugusana. Mtoto ambaye mama yake alikuwa ndani, yeye mwenyewe haugui, alipaswa kuangaliwa siku 21, bila kujulikana kama ugonjwa utamtokea. Nani angembeba siku zote hizo?

Walimbeba waliopona, wale tuliowaita washindi wa Ebola. Kwa msaada wa UNICEF kreshi zilifunguliwa karibu na vituo, kwanza Beni, halafu Butembo, na kazi ya kulea ilipewa watu ambao miili yao ilikwisha kushinda ugonjwa. Wao waliweza kumkumbatia mtoto na kumlaza kifuani bila ile hofu ya wengine. Waliwaimbia wale watoto, waliwalisha, waliwafunga mgongoni. Wengi wao walikuwa wamezika wa kwao wenyewe, na majirani wengine waliogopa kuwagusa. Ukiniuliza ni kitu gani katika msaada wote ule mkubwa, pamoja na magari yake na hoteli zake zilizowakasirisha watu, kilifanana na desturi zetu, nitakuonyesha kreshi zile. Mahali ambapo mukaka hangeweza kuingia, mtu asiye ndugu alishika nafasi yake na kumwonyesha mtoto uso.

Mkono ulirudi pole pole. Kabla Ebola haijaisha, korona ilikuwa imefika Congo, tangu Machi 2020, na nyuso zikafunikwa tena. Ebola yenyewe ilirudi kidogo Butembo Februari 2021 na Beni Oktoba 2021. Watoto waliozaliwa katika miaka ile wako sasa shuleni, na mwalimu mmoja wa hapa Rughenda alinionyesha kwamba baadhi yao, ukiwaambia wasalimie mgeni, wanaanza kwa kiwiko.

Na vita havikungoja. Mauaji ya upande wa Beni, yaliyoanza Oktoba 2014, yametawanya nyumba nyingi. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga na Kirumba zilianguka mikononi mwa M23, watu wakapanda kuja Lubero na Butembo, na jamaa zinazowapokea zinaishi sasa mbili au tatu ndani ya nyumba moja. Ukitazama michezo tuliyoitaja, utaona kwamba ile ya kuomba inategemea kitu kimoja ambacho hatukukitaja: kiazi cha pili kikiwa bado ndani ya chungu. Mukaka anaweza kuigiza njaa kwa sababu hana njaa. Katika jiko moja nililotembelea, la jamaa iliyopokea wakimbizi wa Kirumba, watoto wanne wadogo walikuwa wanangojea moto mmoja, wawili wa nyumba na wawili wa wageni. Mukaka wa wageni alinyosha mkono kwa mjukuu wake kama kawaida: «Nipe nionje.» Mtoto akatoa. Mwenye nyumba, mama kijana, aliacha kukoroga bugali ili aangalie. Yule mukaka alishika kiazi, akajifanya kuuma, akapiga ile kelele ya furaha, na kukirudisha kizima. Kisha akamnyoshea mkono mtoto wa mwenye nyumba.